Mkate wa kumimina wa aluminiamu

Mashine ya kukunia nazi ya shangazi yangu, pale Ngamiani, Tanga, ilianza kugonga Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi, foleni ya akina mama wenye mabakuli imekwishafika barazani na kila mmoja ana haraka ya kurudi kuinjika wali, puli ikapasuka. Ufa ulianzia kwenye tundu la shafti ukaenda moja kwa moja hadi ukingoni. Mkanda ukaruka, mota ikabaki inavuma peke yake kama nzi aliyeingia kwenye chupa. Shangazi hakusema neno. Aliingia stoo, akatoka na mbuzi mbili za zamani, moja akampa binti yake, nyingine akanisogezea mimi. (Msomaji wa bara asishtuke: mbuzi ya pwani ina meno mbele na haina pembe.) Kufika adhuhuri mikono yangu ilikuwa haifungi ngumi, na nikawa nimeshaamua kwamba puli ile lazima ipatikane.

Madukani hatukuipata. Za inchi tano zilikuwepo, za nane zilikuwepo. Ya inchi sita yenye tundu la upana ule hapana. Muuzaji mmoja alitushauri tuagize Dar es Salaam tusubiri. Mwingine alitushauri tununue mashine mpya, na wala hakuwa anatania. Nilijaribu hata kuiita puli kwa jina lake la kibaharia, kapi, nikaulizwa nataka la kisimani au la jahazi.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayekaa nyuma ya msikiti, fundi aliyejifunza kazi katika karakana ya reli jijini Nairobi kabla Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Huko walikuwa wakimimina vitalu vya breki za mabehewa, siku nzima, moto mbele na mchanga chini. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama mimi. Alikuwa anaitazama puli. Akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza, akanirudishia.

"Ukiiunga leo, kesho itapasukia pembeni. Hii inasubiwa upya, bwana mdogo."

Neno kusubu nilikuwa nalijua kwa kulisoma tu. Vijana wa gereji siku hizi husema "kumwaga": nimwagie bushi, nimwagie mkono wa breki. Lakini mzee anasema kusubu, na umbo la kumiminia analiita kalibu, na takataka inayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka anaiita kwa jina ambalo kamusi nazo zinaliandika bila haya: mavi ya chuma. Alinikubalia kazi kwa sharti moja. Angekaa kitini. Mikono ingekuwa yangu.

Tanuri lake ningelipita nikidhani ni jiko bovu. Ni ndoo ya bati ya lita 20, iliyokuwa ya rangi ya nyumba, iliyokandikwa ndani kwa udongo wa kichuguu na mchanga, unene wa vidole vinne. Wafua chuma wa sehemu nyingi za Afrika walijengea matanuri yao udongo huohuo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchagua na kuufinyanga, na moto hauupasui ovyo. Chini ubavuni limepenyezwa bomba la chuma, na kwenye bomba imefungwa draya ya saluni iliyokatwa waya wa joto, ikabaki upepo mtupu. Babu zake waliovukuta kwa viriba vya ngozi wangeionea wivu draya ile. Chungu cha kuyeyushia ni kipande cha bomba nene kilichochomelewa kitako na kupakwa udongo ndani, kwani aluminiamu iliyoyeyuka hula chuma polepole na chungu kisichopakwa hutoboka siku usiyoitarajia.

Hayo ni ya moto, na moto ndio unaowavutia watoto na waandishi wa habari. Nilikuja kuona kwamba moto ni robo ya kazi. Kazi yenyewe iko kwenye mchanga.

Nilipoambiwa nilete mchanga, nilikwenda nilikozoea, ufukweni, nikarudi na ndoo mbili. Mzee alichukua kiganja kimoja, akauweka kwenye ulimi, akatema. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata usiku usio na umande. Una pia vipande vya kombe na makoa, ambavyo kwenye joto kali la kumiminia shaba huvunjika na kutoa gesi. Nikarudi tena, safari hii mtoni. Tukauanika, tukauchekecha kwa chekecheke la unga mara mbili. Udongo wa mfinyanzi ukaanikwa, ukatwangwa kwenye kinu, ukachekechwa vilevile hadi ukawa kama poda. Makopo tisa ya mchanga, kopo moja la udongo. Viwanda vikubwa hutumia bentonaiti, udongo uleule wanaotumia wachimbaji wa visima virefu, lakini wa mfinyanzi hutosha ukiujua.

Kisha maji, na hapa ndipo mzee alipoinuka kitini kwa mara ya kwanza. Maji hayamwagwi, yananyunyizwa kwa vidole kama anayenyunyizia nguo ya kupiga pasi. Kwa uzito ni sehemu tatu au nne tu katika mia. Unakoroga kwa mikono, unasubiri, unakoroga tena. Halafu unafumba konzi moja na kufumbua. Mchanga uliokubali unabaki na alama za vidole vyako vyote, hata mikunjo, na ukiukata katikati unakatika safi kama kipande cha halua. Ukimomonyoka, mkavu. Ukiacha matope kiganjani, umekwisha kuharibu.

Fremu mbili za mbao zisizo na kitako zilikuwa tayari, moja ya chini na moja ya juu, zenye vijiti vya pembeni ili zikifunikana zirudi palepale kila mara. Kinachowekwa ndani ili mchanga ukinakili ni kiolezo, na kiolezo chetu, nikaona, tunacho: puli yenyewe mbovu. Nikaizika, nikashindilia, nikageuza, nikaivuta itoke. Ikatoka na nusu ya mchanga wote.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Puli ina mfereji kuzunguka ukingo, ule unaokaa mkanda. Mchanga ulikuwa umejaa ndani ya mfereji, na puli ilipopanda ikaubeba. Kitu kinachonaswa namna hiyo hakitoki mchangani bila kubomoa kalibu, hata ungekuwa na mikono ya daktari wa macho. Ndiyo maana mafundi wa kale waliotaka maumbo yenye mashimo na mikunjo walitafuta njia nyingine. Siwa ya shaba iliyomo katika jumba la makumbusho la Lamu, ile baragumu kubwa ya shughuli za heshima, ilisubiwa kwa nta: unachonga kwa nta, unaivika udongo, unaichoma nta itoke, unamimina shaba mahali pake, kisha unavunja udongo. Kalibu hutumika mara moja tu na nta haionekani tena. Kwa siwa, sawa. Kwa puli ya mashine ya nazi ni anasa.

Mzee aliujaza mfereji wote kwa pati ya mafundi bodi wa magari, ile wanayozibia mabonde, akauziba na ufa. Akazungusha utepe wa karatasi ukingoni, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kipenyo kikaongezeka milimita tano. Nikamuuliza kwa nini. Aluminiamu ikipoa hunywea, akasema, na chombo cha sentimita 15 kitatoka pungufu kwa karibu milimita mbili. Tatu zilizobaki ni za kukerezwa. Mfereji nao utakatwa baadaye kwenye mashine ya kukerezea, na tundu vilevile. Mwisho akapiga msasa ili ubavu ulale kidogo sana, juu pawe papana kuliko chini, kama bakuli linavyotoka kwenye bakuli jingine.

Sasa mchanga ulitii. Kiolezo juu ya ubao, fremu ya chini ikapinduliwa juu yake, poda ya mtoto ikapulizwa ili visigandane. Mchanga wa kwanza, unaogusa kiolezo, unachekechwa palepale kwa mkono, laini kabisa, maana huo ndio utakaokuwa uso wa puli. Unaofuata unashindiliwa kwa mpini wa jembe uliokatwa. Ukishindilia kidogo, chuma kitaubomoa. Ukizidisha, hewa haipati pa kutokea. Ukageuzwa, fremu ya juu ikakaa, vijiti viwili vikasimamishwa: kimoja ni njia ya kumiminia, kingine ni kisima. Ukashindiliwa tena, ukachomwa chomwa kwa spoku ya baiskeli ili gesi ipate pa kupumulia. Fremu zikaachanishwa. Kiolezo kikagongwa kidogo kidogo pande zote, kikainuliwa kwa skrubu mbili, na chini yake likabaki shimo ambalo lilikuwa puli kamili iliyotengenezwa kwa hewa. Nilikaa nikilitazama. Hata herufi zilizofutika kwenye puli ya zamani, ambazo hatukuwahi kuzisoma, zilisomeka mchangani.

Kile kisima kinahitaji maelezo, kwani wanaojifunza hukidharau. Aluminiamu ikitoka kwenye umajimaji kuwa kigumu hupungua kwa takriban asilimia sita ya ujazo wake. Ukingo mwembamba huganda kwanza, na ukiganda huvuta chakula kutoka kitovuni. Kitovu kinene, ambacho bado ni maji, kikikosa pa kuvuta kinabaki na pango ndani. Kisima ni rundo la chuma la ziada linalokaa jirani, nene kuliko kila kitu, ili ligande mwisho na kiu yote iishie hapo. Baadaye kinakatwa na kurudishwa chunguni.

Chuma chetu kilikuwa pistoni tano za gari, kilo mbili hivi, kutoka kwa wauza skrepa. Mzee hataki makopo ya soda. Ukuta wa kopo ni mwembamba mno, kwenye moto sehemu kubwa yake hugeuka ganda na mavi kabla haijawa maji, na umechoma mkaa bure. Pistoni tangu kiwandani ilisubiwa, ina silikoni ndani yake, inayeyuka vizuri na kutiririka hadi pembeni. Pini na ringi za chuma zikatolewa, mafuta yakafutwa, na pistoni zikapangwa kwanza kwenye mdomo wa tanuri zipate joto. Kipande chenye hata tone la maji kikidumbukizwa kwenye aluminiamu iliyoyeyuka, kinachotokea si mchemko, ni mlipuko. Tone la maji likigeuka mvuke hujitanua zaidi ya mara 1,600, na likiwa chini ya chuma cha moto, chuma ndicho kinachohama.

Kwa sababu hiyohiyo hatukufanya kazi kwenye sakafu ya saruji, ingawa uani kwa mzee ipo nzuri, pana, imesakafiwa. Saruji hushika maji ndani yake hata ikionekana kavu, na chuma kikimwagikia pale sakafu hurusha vipande. Kazi yote ilifanyika juu ya mchanga mkavu. Ndala marufuku, viatu vya ngozi, na suruali iangukie nje ya kiatu, isichomekwe ndani. Nguo za nailoni marufuku. Miwani lazima. Ndoo ya maji ilikuwepo, lakini mbali, na ya kupoozea mikono iliyoungua tu. Cha kuzimia moto kilikuwa mchanga. Kuku walifungiwa. Watoto hawakufungika, wakapandishwa ukutani.

Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na huo ni wepesi unaodanganya. Shaba nyekundu husubiri hadi 1,085 na ikifika huko inang'aa kama jua la magharibi, kila mtu anajua hapa pana hatari. Aluminiamu mchana haing'ai. Inakaa chunguni nyeupe, tulivu, kama maziwa au kama zebaki, na mtu asiyejua anaweza kudhani imepoa. Kipimo cha mzee kilikuwa ukuta wa chungu: ulipopata wekundu wa tofali lililoiva, alisema toa. Usiache izidi, maana kadiri inavyopata joto ndivyo inavyokunywa haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa hewa na wa mkaa, na haidrojeni hiyo itataka kutoka wakati chuma kinaganda, yaani wakati mbaya kuliko yote. Nikakwangua mavi kwa mwiko wa chuma. Chini yake palikuwa na kioo.

Hapa nikiri kosa. Maandalizi yalichukua muda, jua la saa saba lilikuwa kali, na mzee alipokwenda kuswali niliona kalibu linakauka ukingoni. Nikanyunyiza maji. Kidogo tu, nilijiambia. Aliporudi sikumwambia, tukamimina.

Chuma kiliingia kwa sekunde mbili kimya. Kisha kikaanza kububujika kwenye kisima, kikapiga teke, matone yakaruka na kutua mchangani yakiwa vichupa vidogo vya fedha. Hakuna aliyeumia. Mzee alinitazama tu, akarudi kukaa. Tulipofukua na kuikata kwa msumeno, ndani palikuwa na matundu juu ya matundu, makubwa kwa madogo, yamepangana wima kama yanavyopanda mapovu ndani ya unga wa mchele uliochachuliwa.

"Umepika mkate wa kumimina," akasema. "Bado tui."

Kwa wasioujua, huo ni mkate wa pwani wa mchele na nazi unaomiminwa chunguni, na unasifiwa kwa matundu yake. Puli haisifiwi kwa matundu. Shangazi alipoletewa kuiona aliigeuza geuza, akasema mikate yake mwenyewe haijawahi kuumuka vizuri namna ile.

Mara ya pili tulimimina Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchanga mpya, alfajiri, kabla ya jua. Mimina bila kusita, mkono mmoja, mdomo wa chungu karibu na tundu, njia ijae na ibaki imejaa. Safari hii chuma kiliingia kama chai inavyoingia kikombeni, kikapanda kwenye kisima upande wa pili, kikasimama. Baada ya dakika chache uso wa kisima ulibonyea katikati, na mzee akafurahi kuliko nilivyomwona akifurahi: kisima kimenywewa, kitovu kimeshiba.

Kilichobaki chunguni hakiachwi kigande humo. Mzee alikandamiza kipande cha pembe ya chuma kwenye mchanga, akapata mfereji, akamimina humo bila kifuniko. Vikapatikana vipande viwili vya kuhifadhi. Kalibu hilo la wazi huenda ndilo kongwe kuliko yote. Huko Katanga, kwa ndugu zetu wa Kiswahili cha Lubumbashi, shaba ilimiminwa kwenye makalibu ya wazi yenye umbo la msalaba tangu karne nyingi zilizopita. Misalaba hiyo ilikuwa fedha; imefukuliwa katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, imezikwa pamoja na wenyewe. Katanga ilipojitangazia kujitenga mwaka 1960, bendera yake iliwekwa misalaba mitatu ya shaba, na sarafu zake za mwaka uliofuata zikachorwa msalaba huohuo.

Puli ilipelekwa kukerezwa Jumatatu. Mkerezaji aliifunga, akaikata mfereji, akatoboa tundu, na chipsi zilizotoka zilikuwa ndefu na safi, bila tundu hata moja. Gharama yote, pamoja na mkaa na soda za watoto wa ukutani, haikufika nusu ya bei ya puli ya dukani.

Nimeulizwa na jamaa kama kazi hii inafika mbali zaidi ya puli. Inafika. Miaka ya 1980, huko Missouri, Marekani, Dave Gingery aliandika mfululizo wa vitabu vya kujitengenezea karakana nzima kwa skrepa. Kitabu cha kwanza ni cha tanuri la mkaa kwenye ndoo, kama la mzee wetu. Cha pili ni cha mashine ya kukerezea, iliyosubiwa kwa mchanga kutoka kwenye tanuri hilohilo. Mzee nilipomsimulia alitikisa kichwa: "Huyo alikuwa na subira, au hakuwa na majirani."

Lakini katika kazi hiyohiyo ya puli ndipo palipozuka jambo ambalo limenifanya niandike makala haya. Shangazi, kwa kuridhika, aliviona vile vipande viwili vilivyobaki akasema: "Basi mwanangu, na mimi nisubieni sufuria. Ya pilau, nzito, isiyounguza."

Ombi halali kabisa. Sufuria za kusubiwa zipo tele masokoni, nene, nzito, zenye uso wa mchanga mchanga, na wapishi wa shughuli wanazipenda kwa sababu hazibabui chakula. Na ni kazi ya zamani. Abraham Darby, Mwingereza aliyekuja kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kule Coalbrookdale mwaka 1709, alianza miaka miwili kabla kwa hati ya kumiliki ugunduzi mwingine: kusubu masufuria ya chuma kwa mchanga. Inasimuliwa kwamba yeye na msaidizi wake walifanyia majaribio hayo chumbani, tundu la ufunguo limezibwa.

Tatizo letu si mchanga. Ni kilichomo chunguni. Ile pistoni tunaijua ni pistoni. Je, skrepa inayoyeyushwa kwa ajili ya masufuria inajulikana? Ndani ya lundo moja huwa kuna rejeta zenye risasi za kuungia, vipande vya injini, vyombo vya umeme, na vipande vya mizani vilivyotoka kwenye magurudumu. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Ohio, walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya kupikia vya aluminiamu kutoka nchi kumi, Tanzania na Kenya zikiwemo. Walivichemsha kwa saa mbili na maji yenye asidi hafifu ya siki. Vyombo 15 vilitoa mikrogramu moja au zaidi ya risasi kwa kila robo lita. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto, kwenye ubongo. Na sisi tunapikia humo nyanya, ukwaju, ndimu na maembe mabichi, vyote vyenye asidi.

Sufuria yenye risasi haina rangi yake wala ladha yake. Mzee, ambaye amesubu maisha yake yote, hawezi kuitambua kwa kuitazama, wala kwa kuigonga kwa ukucha. Yeye mwenyewe hasubu vyombo vya chakula, na aliponieleza hivyo sikusikia majivuno, ni kama anayesema haendi baharini kusi likivuma. Havunji betri za gari. Mabomba ya shaba ya njano hayachomi uani, kwa kuwa yana zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907, ikatoa moshi mweupe unaomlaza mtu kwa homa usiku mzima. Vifuniko vyepesi kupita kiasi vya mashine za kukatia miti anaviweka kando, maana vingine ni magnesiamu, na magnesiamu ikishika moto ukiimwagia maji umeichochea. Kuna mambo anayakataa bila kueleza, na mengine anaeleza mpaka chai inapoa.

Viwanda vyenye maabara vinaweza kupima mchanganyiko wao. Mafundi wa uani hawawezi, na sidhani ni haki kuwatupia wao lawama peke yao, wakati anayenunua anataka sufuria nzito kwa bei nyepesi na hakuna mamlaka inayopita kwenye malundo ya skrepa na kifaa cha kupimia. Kuyeyusha aluminiamu iliyokwisha kutumika huhitaji takriban asilimia tano tu ya nishati ya kuitoa kwenye mawe. Kazi hii haitakufa, na wala sitaki ife. Puli, bushi, bawaba, mishikio ya milango, vikanyagio vya cherehani, vyote hivyo visubiwe uani mpaka kesho. Sufuria ya pilau nimemwahidi shangazi nitamnunulia ya bati la kiwandani. Ameniambia itamwunguzia wali, na kwamba siku ikiunguza atanipakulia mimi ukoko.

Mashine inafanya kazi sasa wiki ya sita. Ile puli ya matundu iko juu ya kifuniko cha pipa la maji, imezuia kuku. Mpya, ikizunguka huioni, ni mng'ao tu nyuma ya mkanda. Umeme ukikatika, inapunguza mwendo, inasimama, na kando ya kitovu, pale ambapo mkerezaji hakupagusa, unaona alama ya kidole gumba, mistari yote, kama ya kitambulisho. Mtu aliugusa mchanga kabla hatujafunika. Mzee anasema ni changu. Mimi nimeweka dole langu juu yake mara tatu, na halilingani.